Jicho Huleta Lilichotumwa: Biharusi, Weka Nia Kabla ya Kutazama



Msimu wa harusi ukikaribia, kuna neno moja tunalisikia karibu kila siku kutoka kwa mabiharusi: "Sijui hasa nataka nini, lakini nikikiona nitakijua." Mama anaitikia, shoga anaitikia, wifi anaitikia, na wote wanavaa mabuibui yao wanaelekea Darajani. Neno hili linasemwa kwa kitambaa, kwa dhahabu, kwa kitanda na kabati. Siku hizi linasemwa hata kwa mume.

Sisi tunaoshona na kuuza nguo za harusi tunasema wazi kwamba neno hili linawagharimu wanawake wetu. Jicho ni kama mtoto anayetumwa dukani. Ukimtuma sukari ataleta sukari. Ukimwambia "nenda kaniletee chochote kizuri", atarudi na pipi. Si kwamba ni mtoto mbaya. Hukumtuma kitu.

Tuanze na jicho lenyewe. Tunadhani tukifungua macho tunaona kila kilicho mbele yetu. Sivyo. Nyoosha mkono wako mbele utazame dole gumba. Eneo dogo kama upana wa dole hilo ndilo jicho linaliona kwa ukali wake wote. Vilivyobaki pembeni tunaviona hafifu, na akili inajaza palipopungua. Ndiyo maana jicho halitulii, linaruka kutoka hapa kwenda pale kama mara tatu kwa sekunde moja. Sasa simama mbele ya duka la vitambaa la Mchangani, majora yamepangwa kutoka chini mpaka darini. Jicho haliwezi kutua juu ya kila jora. Lazima kuwe na kitu kinacholichagulia pa kutua. Swali letu ni hilo: nani anachagua?

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza swali hili kwa miaka mingi. Mmoja wao ni mwanamke wa Kiingereza, Anne Treisman, ambaye mwaka 1980 pamoja na mwenzake Garry Gelade walichapisha kazi iliyobadili elimu hii. Tutaieleza kwa vifungo, kwa sababu vifungo ndivyo tunavyovijua.

Mwaga mezani vifungo vyeupe hamsini, katikati utie chekundu kimoja. Huna haja ya kukitafuta, chenyewe kinakurukia machoni. Ongeza vyeupe viwe mia, bado kitakurukia kwa kasi ile ile. Sasa changanya vyekundu vya mviringo na vyeupe vya mraba, kisha tafuta kimoja tu kilicho chekundu na pia cha mraba. Hapo hakuna kinachokurukia. Wekundu uko kwingi na umraba uko kwingi. Unachokitaka ni viwili vikutane mahali pamoja, na kukipata inabidi upite kidogo kidogo. Kila unapoongeza vifungo mezani, ndivyo muda wa kutafuta unavyorefuka. Kitu chenye sifa moja iliyo tofauti hujitokeza chenyewe. Kitu ambacho uzuri wake ni sifa mbili au tatu kukutana hakijitokezi. Hutafutwa.

Baadaye, mwaka 1989, Mmarekani Jeremy Wolfe na wenzake waliongeza jambo la kutupa moyo. Walionyesha kwamba hatulazimiki kupita kila kifungo. Ukishaiambia akili yako "chekundu", inavififisha vyeupe vyote na jicho linapita kwenye vyekundu peke yake. Kazi ya vifungo mia inakuwa ya vifungo hamsini. Yaani akili inaliongoza jicho, kwa sharti kwamba akili imeshaambiwa inatafuta nini.

Mwaka 2017, Wolfe na mwenzake Todd Horowitz walitaja mambo matano yanayoliongoza jicho. La kwanza ni kile kinachong'aa au kutofautiana na jirani zake. La pili ni zile sifa za kitu unachokitaka. La tatu ni kujua mahali kitu kinapokaa, kama unavyojua kuwa sufuria haitafutwi chumbani. La nne ni ulichokuwa ukikitazama kabla. La tano ni thamani, yaani kile kilichowahi kukuletea malipo au sifa.

Angalieni vizuri orodha hiyo, dada zetu. La kwanza halihitaji ruhusa yako, linafanya kazi hata kama umelala nusu. La pili ndilo lililo mkononi mwako zaidi. Usipolitumia, yale mengine yatakuchagulia.

Na wenye maduka wanalijua hilo, hata kama hawajasoma kitabu. Kitambaa chenye shanga na vimetameta kinawekwa mbele chini ya taa kali. Sanamu inavishwa gauni lenye mkia mrefu na kuwekwa mlangoni. Sisi pia ni wafanyabiashara na hatuwalaumu, kupanga duka ni sehemu ya kazi. Lakini biharusi aliyekuja bila nia ananunua chini ya taa ile, akifika nyumbani anakuta lesi inawasha shingoni, haina bitana, inaonyesha mwili, na haifuatani na mtandio aliokwishanunua. Basi inanunuliwa ya pili. Hela ya pili mara nyingi ni ya mama, au ni ya mchezo wa kupeana ambao zamu yake haijafika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni leo vyote viwili vimewekewa taa.

Sasa nia inawekwaje? Kwanza, iwe kitu kinachoonekana. "Nataka kitu kizuri cha heshima" si maagizo ambayo jicho linayaelewa. "Krimu isiyo na unjano, mikono mirefu, kitambaa kizito kisichohitaji gauni la ndani" ni maagizo. Majaribio yameonyesha pia kwamba mtu aliyeonyeshwa picha ya kitu hukipata haraka kuliko aliyetajiwa jina lake tu. Mafundi wamelijua hili siku zote. Hatumtumi mtu uzi wa "zambarau". Tunamkatia kipande cha kitambaa anakwenda nacho, kwa sababu zambarau za Darajani ni nyingi kuliko majina yake. Biharusi naye akate kipande cha mtandio akibane na pini ndani ya mkoba. Akifika dukani akiweke juu ya jora, kisha atoke nalo mlangoni alitazame kwa mwanga wa jua.

Pili, chunga unachokitazama kabla ya kutoka. Ukikesha na simu usiku kucha unatazama harusi za Dubai, asubuhi jicho lako litakwenda dukani likiwa na mizigo ya watu wengine. Na lile jambo la tano, la thamani, ni zito zaidi. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011 na Brian Anderson na wenzake, watu walilipwa fedha kidogo kila walipopata duara la rangi fulani. Baadaye wakapewa kazi nyingine ambayo rangi hiyo haikuwa na maana yoyote wala malipo, na bado iliendelea kuyavuta macho yao na kuwachelewesha. Sasa fikirieni msichana ambaye kila akiweka picha ya kung'aa anapata sifa mia. Jicho lake limeshalipwa. Likifika dukani linafuata mshahara wake, na yeye anadhani ni chaguo lake.

Tungekuwa tunasema kitambaa tu, tungeishia hapa. Kitambaa kikikosewa kuna kitambaa kingine. Lakini tunashona nguo za mabiharusi, na baadhi yao tunawaona tena baada ya miaka miwili, wamerudi kwao na mtoto mgongoni, wanataka kupunguziwa gauni ili waliuze. Ndiyo maana tunataka kusema na habari ya posa.

Inapokuja posa, familia nyingi hutazama kwa jicho lisilotumwa. Linaona gari. Linaona kazi ya shirika, nyumba ya kupanga yenye kiyoyozi, nasaba, ndevu zilizochanwa vizuri, sauti nzuri ya kusoma Qurani kwenye maulidi. Kila kimoja katika hivyo ni kifungo chekundu katikati ya vyeupe. Kinaruka chenyewe, na si dhambi kukiona. Lakini Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, aliwaelekeza mawalii waangalie mambo mawili kwa mposaji: dini yake na tabia yake. Mambo mawili kwa pamoja, dada zetu. Wenye dini ya kuonekana ni wengi. Wenye tabia ya upole mbele za watu ni wengi. Anayetafutwa ni yule ambaye hayo mawili yamekutana kwake, na kama kile kifungo chekundu cha mraba, mtu huyo haruki machoni. Anatafutwa polepole, kwa kuuliza, kwa kurudi tena na kuuliza.

Hapo pana hatari mbili ambazo elimu hii inatuonya.

Ya kwanza ni kutosheka mapema. Madaktari wanaosoma picha za eksirei wameijua hatari hii kwa miongo mingi: daktari akishaona kasoro moja katika picha, ni rahisi kuikosa ya pili iliyo pembeni yake, kwa sababu moyo umeshasema nimepata. Tena, asichokitafuta anaweza asikione kabisa. Mwaka 2013 Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe walichapisha jaribio ambalo madaktari 24 wa picha walipewa picha za mapafu watafute vinundu vidogo vya ugonjwa. Ndani ya picha hizo kulitiwa picha ya sokwe, mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakumwona. Macho ya wengi wao yalipita juu yake. Hawa ni mabingwa wa kutazama, lakini walikuwa wametumwa vinundu, na sokwe hakuwamo kwenye maagizo.

Basi familia iliyotumwa "kazi nzuri" inaweza kukaa sebuleni na mposaji mara tatu, ikanywa naye chai, na isione anavyomkaripia mdogo wake aliyemsindikiza. Hasira ile ilikuwa mbele yao. Hakuna aliyekuwa anaitafuta.

Hatari ya pili ni ya kitu adimu. Mwaka 2005 Wolfe na wenzake waliwapa watu picha zinazofanana na za mizigo ya uwanja wa ndege, wakawataka watafute vifaa vya fundi. Kifaa kilipokuwemo katika nusu ya picha, watu walikikosa kama mara 7 katika 100. Kilipokuwemo katika picha 1 kati ya 100, walikikosa mara 30 katika 100. Macho yalikuwa yale yale. Lakini mtu aliyetazama mizigo mingi bila kuona kitu huzoea kusema "hakuna", na husema haraka.

Katika ushonaji kitu hicho ni pini. Pini iliyosahaulika ndani ya pindo ni nadra, na kwa sababu ni nadra ndiyo maana jicho haliioni. Dawa yetu si kukodoa macho. Tunahesabu. Pini zinazotoka kwenye kibweta zinaandikwa, na gauni halitoki mpaka hesabu irudi sawasawa. Kisha mtu ambaye hakulishona ndiye anayelipitisha mkono.

Katika posa pia, waume wabaya kabisa si wengi, alhamdulillahi. Wengi wanaoposa ni watu wa kawaida wenye mazuri na mapungufu. Lakini uchache huo huo ndio unaotulaza. Baba aliyeoza mabinti wanne bila tatizo anamtazama mposaji wa tano haraka haraka. Kwa hiyo na hapa dawa ni kuhesabu na kumpa kazi mtu mwingine. Maswali yaandikwe kabla mgeni hajaja, na yasifungwe mpaka kila moja limepata jibu. Anaswali? Analipa madeni yake? Akikasirika hufanya nini? Ana mke mwingine au watoto anaowahudumia, na anawahudumia kweli? Wa kuulizwa wasiwe shangazi zake peke yao. Aulizwe jirani, imamu wa msikiti wake, mtu aliyefanya naye kazi, mtu aliyewahi kumkopesha.

Tunajua wengine watasema kuuliza hivyo ni kusengenya. Sisi si mashekhe, lakini hili limeelezwa na wanavyuoni. Imamu Nawawi ametaja kutaka ushauri wa ndoa miongoni mwa mambo yanayoruhusu kusemwa aibu ya mtu, kwa kiasi cha haja. Na tunacho kisa cha Fatima bint Qays, Allah amridhie, katika Sahihi Muslim. Baada ya eda yake aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaenda kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kumtaka shauri. Mtume hakumwambia tazama mwenyewe utamjua. Alimweleza wazi kwamba mmoja hana mali na mwingine haweki fimbo yake chini, kisha akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Mwanzoni moyo wake haukumtaka Usama. Akaolewa naye, na Allah akatia kheri ndani yake. Bibi huyu aliyekuwa na akili zake timamu aliazima macho ya mwingine, na hakuna aliyemwona mjinga.

Wengine watatuambia: "Ndoa ni kudra, na mapenzi huja yenyewe mkitazamana." Kudra tunaiamini, na kutazamana dini imekuruhusu. Mughira bin Shu'ba alipotaka kuoa, Mtume alimwelekeza akamtazame mwanamke, kwa kuwa hilo husaidia mapatano yao. Kwa hiyo hatusemi moyo unyamazishwe. Aliyekaguliwa akaonekana hana kasoro na moyo wako ukamkataa, mkatae. Tunachokataa ni moyo kuachiwa kazi ambayo si yake. Moyo unajua unachokipenda. Haujui kama mtu huyu analipa madeni.

Wala hatumkatazi mtu matembezi. Kupita madukani na mashoga, kugusa vitambaa, kucheka, kula urojo na kurudi nyumbani ni raha ya siku za uchumba, na Allah hakuiharamisha. Ila siku ya matembezi acha pochi nyumbani. Siku ya kununua ni siku nyingine, na ina karatasi yake.

Tukumbuke pia kwamba katika Surat An-Nur, aya ya 30 na ya 31, waumini wanaume kisha waumini wanawake wameamrishwa wainamishe macho yao. Mara nyingi aya hizi tunazifundisha kama katazo tu, kwamba usitazame kile. Sisi tunaona ndani yake heshima kubwa. Allah hamwamrishi mja asichokiweza. Ukiamrishwa juu ya jicho lako, maana yake jicho lina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Mwanamke anayejifunza kuliinamisha jicho penye haramu ndiye huyo huyo anayeweza kuliongoza penye halali, liache kinachong'aa liende kwenye kinachofaa. Na madrasa tulianza na hadithi ya nia, ambayo Imamu Nawawi aliiweka ya kwanza katika Arubaini zake. Nia inatangulia swala, inatangulia funga. Kwa nini isitangulie kutazama?

Basi kabla ya kwenda sokoni, kaa chini na mama yako au somo wako, andikeni sifa tatu za kitambaa, kateni kipande cha kupatanishia rangi, na mkubaliane mwisho wa bei. Na kabla ya kuipokea posa, kaeni tena hivyo hivyo, muandike yale mtakayouliza na nani atakwenda kumuuliza nani. Mpeni kila mmoja jambo lake la kuangalia: mmoja ulimi wake, mmoja mikono yake na fedha, mmoja anavyowatendea walio chini yake. Lililo zuri likionekana, shukuruni, lakini msisimame hapo mpaka orodha iishe. Kisha muswali istikhara, mkiwa mmefanya sehemu yenu.

Allah awajaalie mabiharusi wetu macho yenye kuongozwa, awape waume ambao dini na tabia zimekutana kwao, na azitie baraka nyumba zao. Amin.